Stendi Inayofika Utosini

Misigiri ni njia panda. Hapo barabara ya Kiomboi inaachana na barabara kuu inayotoka Singida kwenda Nzega na Mwanza, na malori ya Kanda ya Ziwa hupita hapo kabla ya kuteremka mlima Sekenke kuelekea Shelui na mbuga za Wembere. Ukitoka barabarani ukatembea kidogo, ukaziacha taa za malori na za maduka mgongoni, unapata giza ambalo mwenye darubini wa Dar es Salaam hulisafiria siku nzima. Kwa hiyo mtu wa Misigiri anayetaka darubini ndogo ya lenzi, ya milimita 60, 70 au 80, amekwisha kupewa bure kile ambacho wengine hawakipati hata kwa fedha. Lililobaki mikononi mwake ni kuchagua vizuri, na uchaguzi mzito kuliko wote ni wa stendi.

Nasema stendi, ingawa najua kila mnunuzi huanza kuulizia lenzi. Lenzi ya milimita 70 inayouzwa siku hizi, hata ile ya bei ya chini, kwa kawaida inatosha kuonyesha miezi minne mikubwa ya Mshtarii, pete za Zohali na mashimo ya Mwezi. Lakini picha hiyo inakuzwa mara 70 au mara 100, na kila mtikisiko wa stendi unakuzwa nayo. Darubini nyingi ndogo zinazoishia uvunguni ziko hivyo: lenzi yake nzima kabisa, ila mwenyewe alichoka kukimbizana na nyota inayorukaruka kwenye jicho. Ukiwa na fedha kiasi fulani, weka nusu yake au zaidi kwenye stendi. Watu wengi huona ni kinyume cha akili, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa, ushauri mwingi unaopatikana vitabuni kuhusu stendi umeandikwa na watu wa Ulaya, Marekani na Japani, na umeandikwa kwa ajili ya anga lao. Misigiri ipo nyuzi 4 na kitu kusini mwa ikweta. Huku jua linapita juu ya utosi mara mbili kwa mwaka, mapema Machi na mapema Oktoba, na mchana wa siku hizo mti uliosimama wima hauna kivuli. Nyota za mashariki hazichomozi kwa kulala upande kama za London. Zinapanda wima, moja kwa moja, kama ndoo inayovutwa kisimani. Mwezi na sayari zote hutembea katika ukanda ule ule wa jua, kwa hiyo kila kimoja kinapofika kilele chake cha usiku huku kwetu, kipo juu ya nyuzi 55 kutoka upeo wa macho, na mara nyingi juu zaidi ya hapo. Mtu wa London, aliye nyuzi 51 na nusu kaskazini, kuna miaka anaitazama sayari ikiwa nyuzi 15 tu juu ya mapaa ya majirani. Yeye anahitaji stendi inayofanya kazi vizuri karibu na upeo wa macho. Sisi tunahitaji inayofanya kazi vizuri utosini. Hizo ni stendi mbili tofauti, na nyingi zinazouzwa kama vifaa vya kuanzia zimebuniwa kwa ajili ya yule wa London.

Kabla ya kuzichambua, niiondoe njiani ile ya gharama ambayo muuzaji hupenda kuisifia, yaani stendi ya ikweta. Hiyo ina mhimili mmoja unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, na ukishaelekezwa, unafuata nyota kwa kuzungusha kifundo kimoja tu. Kule kaskazini watu huuelekeza kwenye nyota ya Polaris. Huku Polaris ipo chini ya upeo wa macho, haionekani kamwe. Ncha ya kusini ya anga ipo juu ya upeo wetu kwa nyuzi 4 na kitu tu, imezama kwenye vumbi na ukungu wa chini, tena haina nyota angavu ya kuitambulisha. Juu ya hayo, stendi nyingi ndogo za ikweta hazishuki mpaka nyuzi 4. Skrubu ya kurekebishia hufika mwisho kwenye 10 au 15 au hata zaidi, na zile zinazolazimishwa kushuka, uzito wa kusawazisha hugonga mguu wa stendi. Kwa darubini ya milimita 70 ya kutazamia kwa macho, huo ni mzigo usio na faida. Stendi ya kawaida, ile inayopanda na kushuka na kuzunguka kushoto na kulia kwa mkono, ndiyo yetu. Ila si kila moja.

Ile inayokuja kwenye boksi la darubini nyingi za bei nafuu ni uma wa bati au plastiki wenye mikono miwili. Bomba la darubini limebanwa katikati ya mikono, na upande mmoja kuna kijiti chembamba cha chuma chenye kifundo cha kupandishia. Elekeza bomba kwenye mnara wa simu ulio mbali, kila kitu ni kizuri. Lipandishe sasa. Kadiri lenzi ya mbele inavyoinuka, mkia wa darubini unashuka kati ya mikono ya uma, na ukipita nyuzi 60 au 70 unagonga kichwa cha stendi au mguu, au kile kijiti kinafika mwisho wa mfereji wake. Kuna na kasoro isiyoonekana haraka. Bomba limekaa juu ya mhimili, halikukaa ndani yake, kwa hiyo linapoinuka uzito wake wote unahamia nyuma. Unakaza skrubu ili lisianguke, halafu likishakazwa halisogei tena bila kuruka. Sky-Watcher AZ3, ambayo ni uma wenye vifundo viwili vya mwendo mdogo na miguu imara kuliko ya boksi, ina ugonjwa huo huo. Inatazama Mwezi unaochomoza vizuri sana, na ikipanda juu sana inaelemewa nyuma. Kwa mtu wa Stockholm ni kifaa cha kuridhisha. Kwa mtu wa Misigiri inamnyima sehemu bora ya anga lake.

Stendi ya kamera ina historia yake ya heshima katika elimu. Mwaka 2009, Mwaka wa Kimataifa wa Astronomia, ilitengenezwa darubini ya kujiunganishia iitwayo Galileoscope, yenye lenzi ya milimita 50 na ukuzaji wa mara 25, na chini yake ikawekwa nati ya stendi ya kamera. Wazo lilikuwa jema, maana mwalimu anaweza kuazima stendi kwa mpiga picha wa harusi. Kwa mara 25 na bomba jepesi inafaa. Kwa bomba la kilo mbili na mara 100 haifai, kwa sababu kichwa cha kamera kimeundwa kuinamia mbele na nyuma kidogo, na kikiinuliwa kuelekea utosini mpini wake unachoma kifua cha mtazamaji na bomba linalala upande.

Aina inayofaa ni ile yenye mkono mmoja, ambapo bomba linafungwa ubavuni mwa stendi badala ya juu yake. Hapo hakuna kinachozuia. Mkia wa darubini unapita pembeni ya kichwa cha stendi na bomba linaweza kusimama wima kabisa. Uzito wake upo sawa na mhimili, kwa hiyo ukilisogeza bomba mbele au nyuma kwenye reli yake mpaka lisawazike, litatulia popote utakapoliacha, upeoni au utosini. Reli hizo kwa sehemu kubwa zina upana wa kama milimita 44, kipimo ambacho kampuni ya Vixen ya Japani ilikieneza mpaka wengine wakakifuata, na ni vizuri kuhakikisha stendi na bomba vyote vinakitumia. Katika kundi hili ipo Vixen Porta II, ipo Explore Scientific Twilight I, ipo Sky-Watcher AZ4. Mbili za kwanza zina vifundo vya mwendo mdogo kwa kupanda na kwa kuzunguka. AZ4 haina vifundo, inasukumwa kwa mkono na kushikwa na msuguano peke yake.

Kama ningekuwa naandika kwa ajili ya Wazungu ningesema chagua upendayo, maana wengi wao wanafurahia ile ya kusukuma. Kwa Misigiri nasema nunua yenye vifundo, na sababu yake inahitaji kuelezwa taratibu kwa kuwa ndiyo kiini cha sura hii.

Chukua Nebula ya Orioni, lile wingu la gesi lililo chini ya nyota tatu za mkanda. Katika darubini ndogo hakuna wingu jingine la namna hiyo linaloishinda kwa uzuri. Ipo nyuzi 5 na nusu hivi kusini mwa ikweta ya anga, na Misigiri ipo nyuzi 4 na kitu kusini mwa ikweta ya dunia. Maana yake ni kwamba kila siku nebula hiyo inapita kama nyuzi moja tu kutoka utosi wa Misigiri. Katikati ya Februari inafika hapo kama saa 2 na nusu usiku, mvua ikitoa nafasi. Katikati ya Oktoba, wakati mvua hazijaanza, inafika kama saa 10 na dakika 40 alfajiri.

Ifuate tangu inapochomoza. Saa za mwanzo inapanda wima mashariki, na wewe unazungusha kifundo cha kupandisha peke yake. Kile cha kuzungusha kushoto na kulia hukigusi. Hata saa moja kabla haijafika kileleni, ikiwa nyuzi 15 kutoka utosini, mwelekeo wake umebadilika kidogo sana. Halafu ghafla kazi inageuka. Dakika nne kabla ya kilele na dakika nne baada yake, stendi inatakiwa kuzunguka robo nzima ya duara, nyuzi 90 ndani ya dakika 8, wakati kupanda karibu kumesimama. Kama mzunguko mmoja wa kifundo chako unaisogeza stendi nyuzi 3, hiyo ni mizunguko 30, na inawezekana bila jasho. Ukiwa na stendi ya kusukuma, jaribu. Bomba limesimama wima juu ya mhimili wake, unalisukuma ubavuni, nalo halizunguki kwa sababu huna mkono wa kulizungushia. Unasukuma zaidi, linaachia kwa kishindo, nebula imepotea. Wanaastronomia wa ridhaa wanakijua kishimo hiki cha utosini miaka mingi, lakini kwao ni usumbufu wa mara mojamoja, kwa kuwa Orioni yao ipo nusu ya anga. Kwetu ipo ndani ya kishimo.

Kifundo kinaendelea kufanya kazi hata bomba likiwa wima, na hiyo ndiyo faida isiyoandikwa kwenye boksi. Mwenye AZ4 au stendi nyingine ya kusukuma asiitupe, afunge mpini wa mbao au wa alumini wa sentimita 30 hivi kwenye mkono wa stendi, ukielekea nje, awe na pa kushika anapozungusha utosini.

Kuhusu kasi ya kawaida, hesabu ni rahisi. Anga linazunguka nyuzi 15 kwa saa. Darubini ya milimita 70 yenye umbali wa fokasi wa milimita 700, ikiwekewa lenzi ya jicho ya milimita 25, inakuza mara 28, na nyota iliyo karibu na ikweta ya anga inavuka uwanja wa kuonea kwa kama dakika 7. Weka ya milimita 10, unapata mara 70 na kama dakika 3. Kwa mtu mmoja dakika 3 ni nyingi. Kwa foleni ya wanafunzi si kitu: mtoto wa kwanza anatafuta pa kuweka jicho, wa pili anauliza swali, wa tatu anakuta giza tupu. Stendi ya shule iwe na kifundo ambacho mwalimu anaweza kukizungusha nusu mzunguko kati ya mtoto na mtoto bila kuchungulia tena.

Usiku wa tarehe 7 Septemba 2025 ulionyesha jambo hili vizuri. Mwezi ulipatwa wote, na Afrika Mashariki ilikuwa mahali pazuri pa kuutazama, tangu saa 2 na nusu hadi saa 3 na dakika 52 usiku kwa saa zetu. Katika dakika hizo 82 Mwezi mwekundu ulipanda kama nyuzi 20 angani, karibu wima kabisa. Kifundo cha kupandisha kilitosha kwa karibu onyesho zima. Siku kama hiyo ndipo unapojua kama kifundo hicho kina ulegevu: unakizungusha, hakuna kinachotokea, halafu picha inaruka. Dukani kijaribu kwa kukizungusha mbele kidogo kisha nyuma kidogo, jicho likiwa kwenye lenzi. Robo ya mzunguko isiyofanya kitu inavumilika. Nusu mzunguko irudishe.

Jaribio la pili ni la kugonga. Elekeza darubini kwenye kitu cha mbali chenye ncha, kwa mfano kilele cha mnara, kwa ukuzaji mkubwa ulio nao. Gonga bomba kwa kidole, kisha hesabu. Picha ikitulia ndani ya sekunde mbili au tatu, stendi ni nzuri. Ikichukua zaidi ya tano, kila utakapogusa kirekebisha-fokasi utasubiri sekunde tano, na hutavumilia. Rudia jaribio hilo bomba likiwa limeelekea juu, maana kuna stendi zinazofaulu zikiwa zimelala na kushindwa zikiinuka.

Kwa mtu wa Singida jaribio la kugonga lina uzito wa pekee kwa sababu ya upepo. Mkoa huu una upepo wa kutosha hata mipango ya kuzalisha umeme wa upepo imekuwa ikizungumzwa kwa miaka mingi, na upepo wenyewe unavuma sana kiangazi, miezi ile ile ambayo anga ni safi. Miguu ya alumini iliyovutwa mpaka mwisho hutetema kama uzi wa zeze. Ifupishe uwezavyo. Tundika kiroba cha mchanga katikati ya miguu, kikining'inia karibu na ardhi, au dumu la maji la lita 10, ambalo ni kilo 10. Miguu ya mbao inameza mtetemo vizuri kuliko ya alumini, na fundi seremala anaweza kutengeneza miguu mitatu ya mbao ngumu kwa siku moja ukimpa kipimo cha bolti ya kichwa cha stendi.

Hapa napenda kukaa kidogo, kwa kuwa mafundi wa Misigiri na Kiomboi wana uwezo kuliko tunavyowaomba. Stendi ya mkono mmoja inaweza kutengenezwa kwa vifaa vya bomba la maji vya chuma, vya inchi moja na nusu. Unahitaji kiungo cha tii, kiwiko na vipande vifupi vya bomba vilivyokatwa meno. Bomba moja linasimama wima juu ya miguu, kiwiko kinazunguka juu yake, na meno ya skrubu ndiyo bearingi ya kuzungukia. Tii inazunguka kwenye mdomo wa pili wa kiwiko, na hapo ndipo pa kupanda na kushuka. Upande mmoja wa tii unafungwa darubini kwenye ubao wake, upande wa pili uzito wa kusawazisha. Siri ipo kwenye meno. Yakiwa mapya yanakwaruza. Yapake dawa ya kusagia valvu, ile ya gereji, uyazungushe mbele na nyuma mpaka yawe laini, uyaoshe kwa petroli mchana nje ya nyumba, kisha uyapake grisi nzito. Mwendo utakaoupata ni mzito, laini, usioruka. Stendi kama hiyo haina vifundo, hivyo ongeza ule mpini, lakini kwa uzito na uimara inazishinda nyingi za dukani. Vumbi la kiangazi hupenda grisi, kwa hiyo ifunike kwa mfuko na uifungue kuisafisha kila mwanzo wa mvua.

Njia ya mbao ilienezwa na John Dobson wa San Francisco, aliyeanzisha mwaka 1968 kundi la kuwaonyesha watu nyota barabarani, na alifariki mwaka 2014 akiwa na miaka 98. Yeye aliona kwamba ukiweka vipande vya teflon juu ya fomaika unapata msuguano wa aina ya pekee. Nguvu ya kuanzisha mwendo inakaribiana na nguvu ya kuuendeleza, kwa hiyo chombo hakirukiruki. Dobson alitumia hilo kwa darubini kubwa za vioo, lakini kanuni ni ile ile kwa kisanduku kidogo cha plaiwudi kinachobeba darubini ya lenzi juu ya meza imara. Fundi wa makabati ana mabaki ya fomaika.

Kuna umbo moja ambalo vitabu vya kaskazini hulipita haraka, na naamini lingefaa sana kwetu. Chukua stendi hiyo ya mabomba na ulaze ule mhimili wa kwanza. Badala ya kusimama wima, uelekee kaskazini na kusini, karibu sambamba na ardhi. Sasa kishimo hakipo tena utosini. Kimehamia upeoni, kaskazini na kusini, mahali tusipotazama mara nyingi. Na kwa kuwa tupo karibu na ikweta, mhimili uliolazwa hivyo unakaribia kuwa mhimili wa dunia wenyewe. Inua ncha yake ya kusini sentimita 7 na nusu kwa kila mita moja ya urefu, nao utakuwa umeelekea ncha ya kusini ya anga kwa usahihi unaotosha kutazamia. Umejipatia stendi ya ikweta kwa bei ya mabomba, na Orioni utaifuata toka mashariki hadi magharibi kwa mwendo mmoja, ikipita utosini bila kukusumbua. Gharama yake ni kwamba inahitaji uzito wa kusawazisha na nguzo imara, na lenzi ya jicho inakaa pembe za ajabu. Kwa shule inayotaka nguzo ya kudumu uwanjani, yenye zege chini, ningeanza na hiyo.

Urefu wa stendi nao unahesabiwa kutoka utosini. Bomba la sentimita 70 likiwa wima, lenzi ya jicho inashuka kama sentimita 35 hadi 40 chini ya mhimili. Mhimili ukiwa mita 1 na sentimita 30 kutoka ardhini, jicho linatakiwa kuwa kwenye sentimita 90 hivi, na hapo mtu mzima anakaa kwenye kigoda na mtoto wa darasa la tatu anasimama. Hakikisha darubini ina kioo cha kona cha nyuzi 90. Kile cha nyuzi 45 kinachowekwa kwenye darubini za kutazamia ndege kitakulazimisha kulala chali. Na kama hujanunua bomba bado, fikiria fupi, la milimita 80 lenye umbali wa fokasi wa milimita 400, kuliko refu la milimita 60 lenye 900. Fupi linatoa picha isiyo safi sana kwenye sayari kwa ukuzaji mkubwa, lakini halifiki miguu ya stendi, halishikwi na upepo, na Kilimia chote kinaenea ndani ya uwanja wake kwa mara moja.

Kuhusu darubini ya kutafutia, ile ndogo iliyonyooka inakuwa mateso utosini, shingo inavunjika. Ya nukta nyekundu nayo inataka upige goti chini ya bomba. Yenye kioo cha kona ndiyo ya huku.

Haya yote yanaweza kuonekana ni mambo ya mtu mmoja na uwanja wake, lakini katika nchi zetu darubini haikai na mtu mmoja. Kenya, Susan Murabana na Daniel Chu Owen walianzisha The Travelling Telescope wakaanza kuzungusha darubini shuleni, hata za mbali. Kwetu Tanzania, Dk. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria amekuwa kwa miaka mingi akiwaeleza watu habari za anga, na tarehe 1 Septemba 2016, jua lilipopatwa kipete, watu walikusanyika Rujewa mkoani Mbeya kulitazama. Penye darubini moja kijijini patakuwa na foleni, na stendi itashikwa na mikono mingi isiyoijua. Ndiyo maana nazidi kusisitiza uzito na ulaini kuliko wepesi wa kubeba.

Jua lenyewe usilielekee kamwe bila kichujio maalumu kilichofungwa mbele ya lenzi kubwa. Kile kidogo cha kuskrubu kwenye lenzi ya jicho kinaweza kupasuka kwa joto ukiwa unachungulia, kitupe. Na ukitumia kichujio cha mbele, kwa jua letu la saa sita na dakika 40 mchana lililo utosini, kaza breki ya stendi na ufunike au uondoe darubini ya kutafutia, maana watoto huchungulia tundu lolote wanaloliona.

Ukishaamua, nunua pamoja na stendi bolti mbili za akiba za kichwa chake na funguo ya kuzikazia, au mpelekee fundi bolti moja ya mfano akuchongee nyingine kabla ya ile ya kwanza haijapotea gizani kwenye mabua ya alizeti.